Zamu ya Kanyiva

Mkono wa Nzula ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake, na ulimi wenyewe haukuwa mzito. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwenye ploti moja ya Kawangware kwa miaka mingi, kwa hiyo nasema ninachokijua, si cha kuambiwa. Nimemwona akimzaba muuza mkaa kofi moja mpaka kofia ikaangukia mtaroni. Nimemwona akimburura mwanamke mzima kwa nywele kutoka bombani hadi mlangoni kwa mwenye ploti, ili arudie mbele ya watu maneno aliyoyasema. Maneno yenyewe yalikuwa kwamba mtoto wa Nzula anatambaa kama kenge.

Ugomvi wote wa Nzula uliozidi kipimo ulikuwa wa mtoto. Ukikosana naye juu ya maji, au kuni, au kamba ya kuanikia nguo, mngetukanana vizuri, na jioni angekuletea bakuli la muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ambayo Wakamba wanayapenda kuliko nyama. Mimi Mluhya wa Butere nilijifunza kuyala kwake. Lakini ukimgusa Kanyiva, binti yake, ulitakiwa ujue njia ya hospitali.

Kanyiva alikuwa na mguu mmoja wa kweli na mwingine wa jina tu. Polio ilimshika kwao Mwala akiwa bado ananyonya, mwaka ule ule wa Uhuru, watu wakicheza ngoma nje na yeye ndani amelegea kama kitambaa. Nyanya yake alisema ni jicho la mtu. Nzula hakungoja kuambiwa ni jicho la nani. Alimfunga mtoto mgongoni akaja Nairobi kumfuata mumewe, Nzomo, aliyekuwa bawabu wa usiku kwenye nyumba moja ya Lavington. Yeye naye akapata kazi nyumba ya jirani: kufua nguo, na alfajiri kuwasha kuni chini ya lile pipa la maji ya moto nyuma ya jikoni, maana Wazungu wale hawakuoga maji baridi hata dunia ingekuwa inaisha.

Hospitali moja ya misheni ilimtengenezea Kanyiva chuma cha mguu. Kilikuwa na vyuma viwili vya kando, mikanda ya ngozi, na kiatu kizito kama jiwe la kusagia. Kwa chuma hicho aliweza kutoka mlangoni hadi bombani bila kushika ukuta. Safari ya kupita hapo ilikuwa ya mgongo wa mama yake.

Alipofika umri wa shule, vita vilianzia nyumbani. Nzomo alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa mabaya.

"Huyu arudi kwa mama yangu," nilimsikia akisema. Ukuta wetu ulikuwa wa mabati na magazeti, hakuna siri iliyolala humo. "Atachunga mbuzi akiwa amekaa. Shule ni ya watu wako na miguu."

"Wewe uko na miguu mbili," Nzula akamjibu, "na shule hukusoma."

Nikasikia kofi, halafu jingine lisilokuwa kofi bali ngumi, halafu sufuria ikianguka. Nilivaa kanga nikatoka. Kabla sijafika mlangoni kwao kukawa na kishindo kikubwa, na sauti ya mwanamume mzima akimwita mama yake. Nilipoingia, Nzomo alikuwa sakafuni ameshika bega, na rungu lake la kazi lilikuwa mkononi mwa mkewe. Nzula alikuwa anatokwa damu mdomoni, inadondoka juu ya gauni la kazini. Kanyiva alikuwa kwenye kona amejifunika gunia hadi machoni.

"Mama Zadock," Nzula akaniambia, kwa utulivu kabisa, "hebu nitafutie jino yangu. Iko hapo chini ya kitanda."

Tulilipata. Halikurudi mahali pake, na pengo lile lilibaki mbele pale kila akicheka. Nzomo naye alikaa na mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni kwa wiki kadhaa. Kuhusu shule hakusema tena. Kwa mambo mengine waliendelea kupigana kama zamani, na mara nyingi aliyeumia ni Nzula. Sisifu vita. Nilivisikia vingi mno kupitia yale magazeti hata nivisifu.

Hedimasta wa shule iliyokuwa karibu nasi alikuwa mtu mpole, wa tai na kanisa. Alimwambia Nzula, "Mama, hatuna mahali pa watoto kama huyu. Kuna shule zao."

"Ziko wapi?"

"Ziko," akasema hedimasta. Zaidi ya hapo hakujua.

Nzula akaenda mjini, kwenye ofisi moja aliyoelekezwa kwamba ndiyo yenye shule zote. Karani akamwambia aje kesho. Alipokuja kesho akaambiwa aje kesho. Siku aliyochoka alikaa chini katikati ya mlango na mtoto mgongoni, kila mwenye shughuli ikabidi amruke. Askari wa pale akamshika mkono akaupinda nyuma, na Nzula akamng'ata kidole gumba mpaka akahisi mfupa. Askari alimsukuma kwenye ngazi. Ngazi za saruji, na mtoto yuko mgongoni. Mwanamke yule, kwa kuanguka kote huko, alijigeuza ili uso wake ndio ufike kwanza. Kidevu kilipasuka kama embe. Kanyiva hakupata hata mchubuko.

Mkubwa mmoja alikuwa anapanda ngazi saa hiyo na wageni wake. Aliona damu, akaona mtoto mwenye chuma akilia, akaona wageni wanavyotazama. Hakuuliza nani ana haki. Alipiga simu kwa hedimasta pale pale akamwambia achukue mtoto, maana hataki tena kuona mambo kama haya mlangoni kwake. Basi Kanyiva akapata shule kwa kidevu cha mama yake, na mpaka leo nikiona watu wanasema elimu ni haki ya kila mtoto, nakumbuka haki hiyo ilivyodondoka ngazini.

Siku ya kwanza sisi kina mama tulisimama nje ya ua wa shule. Hedimasta alimsimamisha Kanyiva kando yake kwenye paredi, shule nzima inamtazama, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Mtoto huyu," akasema, "Mungu ameshamchapa. Mwalimu yeyote asimguse na fimbo. Mmesikia?"

Walimu wakasema wamesikia. Sisi tukapiga makofi. Nzula alilia kwa furaha na pengo lake nje. Alikuwa mtu mwema, yule hedimasta, na wema wake ndio uliokaribia kumwua mtoto.

Ni lazima ujue darasa la Mwalimu Zedekiah lilivyokuwa. Zedekiah alikuwa mtu wa kwetu Butere, mwembamba, mchapakazi, hakukosa kazini hata akiwa na malaria. Watoto wake walifaulu. Wazazi walimpigania, na kila mzazi aliyempelekea mtoto alisema yale maneno ya siku zile: nyama yako, mifupa yangu. Watoto walikaa wanne wanne kwenye deski moja refu, na sheria yake ilikuwa moja: kosa la mmoja ni la deski nzima. Mmoja akichelewa, au akikosa hesabu ya kichwa, au akija na kucha chafu, wote wanne wanasimama, wananyoosha mikono, wanapokea mbili kila kiganja. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alikuwa akisema huku akichapa. Alisema hivyo ndivyo watoto wanavyojifunza kusaidiana.

Kanyiva alichelewa karibu kila siku. Angefanyaje? Mama yake alikuwa kwanza aende Lavington awashe pipa la Mzungu, arudi mbio Kawangware, ambebe mtoto, ampeleke, kisha arudi tena kazini kabla memsabu hajaamka vizuri. Na hesabu naye hakuwa hodari nayo mwanzoni, maana hakuwahi kukaa na watoto wengine wakihesabu chochote. Kwa hiyo kila asubuhi deski la nyuma, deski la Kanyiva, lilisimama. Watatu walinyoosha mikono. Wa nne alikaa, mikono mapajani, kama mgeni aliyeletewa kiti.

Mkubwa wao alikuwa msichana aliyeitwa Caren. Alianza shule akiwa ameshalea wadogo zake wote, ana mabega mapana na sauti ya mama. Caren ndiye aliyeanza. Kwanza walimwachia Kanyiva nafasi kubwa kwenye benchi, kama mtu mwenye upele. Halafu wakawa wanamfinya chini ya deski. Halafu wakati wa mapumziko wakawa wanampeleka nyuma ya choo na kumlipa deni lote la asubuhi, kwa vijiti, kwa viatu, kwa ngumi, kwa zamu, kila mmoja akichukua idadi yake. Hawakumpiga usoni. Walikuwa wamefundishwa na mtu anayejua kupiga.

Nyumbani Kanyiva alisema ameanguka. Nzula aliuona mgongo una alama, akauliza, akaambiwa ameanguka. Mtoto mwenye mguu kama ule akikwambia ameanguka utabisha vipi?

Ndipo siku moja alasiri, mama yake hajaenda kumchukua, nikamwona anarudi. Nilikuwa naanika nguo. Nilidhani ni mbuzi ameumia anayejikokota kwenye vumbi kando ya barabara, watu wanapita wanatazama. Alikuwa Kanyiva, anatambaa kwa mikono na magoti, bila chuma, umbali wote kutoka shule. Magoti yalikuwa nyama tupu. Mchanga umeingia ndani ya nyama. Alikuwa hajalia njia nzima, aliponiona ndipo akalia, na maneno ya kwanza aliyosema ni, "Shangazi, usiambie mama."

Wenzake wa deski walikuwa wamekivua chuma na kukitupa kwenye choo cha shimo.

Nzula aliporudi kutoka kazini nilimwambia, sikuweza kuficha. Hakupiga kelele. Aliosha magoti ya mtoto kwa maji ya chumvi, akamlisha, akamlaza. Asubuhi alimfunga mgongoni na kuchukua rungu la Nzomo. Mimi nilimfuata. Niseme kweli, nilimfuata kwa sababu niliona uso wake nikajua leo mtu atakufa na mimi nitaitwa shahidi.

Aliingia darasani bila hodi. Mwalimu Zedekiah alikuwa ubaoni. Nzula alimshusha Kanyiva mahali pake deski la nyuma, akasimama wima.

"Nani alitupa chuma ya mtoto yangu?"

Macho ya darasa zima yalimwendea Caren. Nzula hakuuliza mara ya pili. Alimshika kwa kola ya sare, akamng'oa kwenye benchi, akamzaba kofi la kulia, akamrudishia la kushoto, akamsukuma kwenye ukuta mpaka ramani ikadondoka. Kisha akainua rungu. Niliushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili na bado ulikuwa unashuka.

Caren hakulia. Puani damu ilikuwa inachuruzika, lakini hakuifuta. Aliinua viganja vyake akaviweka mbele ya uso wa Nzula.

"Piga hapa basi, mama," akasema. "Hapa ndio nimezoea."

Nilivitazama vile viganja. Vilikuwa vimevimba kama mandazi. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, kidonda kipya juu ya kidonda cha zamani, na kidole kimoja hakikunyooka. Wale wengine wawili wa deski wakasimama bila kuambiwa, wakainua vya kwao. Vilikuwa vile vile.

"Hii yote ni ya Kanyiva," Caren akasema. "Akichelewa, ni sisi. Akikosa hesabu, ni sisi. Yeye anakaa tu, anatuangalia."

Rungu likashuka polepole, lenyewe. Nzula akamgeukia binti yake.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungewapiga," Kanyiva akasema.

Nzula akavitazama tena vile viganja vya watatu. Mwalimu Zedekiah akaona ndiyo nafasi ya kujitetea. "Mama, sheria ya darasa ni moja. Deski ni deski. Lakini huyu wako hedimasta amekataza, wewe mwenyewe ulisikia. Sasa mimi nifanye nini?"

Hasira ilinipanda nikasahau kwamba nimekuja kuzuia vita. "Si uache kuwachapa wote!" nikamwambia. "Acha wote! Kwani fimbo ndiyo inajua hesabu?" Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiluhya ili asije akasema hakuelewa.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa afundishe bila ubao. "Mama, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akasema. "Nyinyi mnataka shule ama mnataka soko?" Na usidhani kuna aliyeniunga mkono. Watoto wenyewe, na viganja vyao vile, walinicheka. Wazo kwamba asubuhi ingeweza kupita bila mtu kuchapwa halikuwa na mahali pa kukaa katika chumba kile. Hata kwa Nzula halikuwa na mahali.

"Kwetu mgeni ni siku mbili," akasema Nzula. "Ya tatu anapewa jembe. Mtoto yangu amekuwa mgeni hapa tangu mwaka ianze. Mwalimu, mchape."

"Siwezi."

"Nimekwambia mimi, mama yake. Mchape kama wengine."

"Mama, nitafutwa kazi. Nimesema siwezi."

Kanyiva alikuwa ameshaweka mikono yake juu ya deski, viganja juu. Vilikuwa laini, vyeupe, vina alama za kutambaa tu. "Mwalimu, nichape," akasema. "Tafadhali." Mimi nina watoto watano na nimesikia mengi kutoka vinywani mwao, lakini neno lile liliniuma kuliko yote. Mtoto anaomba kupigwa kama mwenzake anavyoomba maji.

Zedekiah akafunga mikono kifuani. Fimbo ilikuwa juu ya meza yake, mbichi, imechongwa asubuhi ile. Nzula akaniachia lile rungu mkononi mwangu, akaenda mezani akaichukua.

Sijawahi kumwona Nzula akimgusa Kanyiva kwa ubaya. Kumpiga kofi, kumfinya sikio, hata kumkaripia kwa sauti, hapana. Dunia nzima ilipata mkono ule isipokuwa mtu mmoja. Na sasa alisimama mbele ya mtu huyo mmoja na fimbo ya mwalimu, na mkono uliozoea kushuka kama radi ukainuka nusu tu.

Alichapa. Ilikuwa ndogo, haikulia hata.

Darasa likaguna. "Hiyo ni ya kubembeleza," Caren akasema kutoka ukutani, damu imemfika kidevuni. "Hiyo sio yetu."

Niliona uso wa Kanyiva ukiwaka kwa aibu. Aibu hiyo hakuwa nayo alipotambaa barabarani, wala alipoonyeshwa paredini kama mnyama wa maonyesho. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, meno yamebana, "usinionee huruma. Chapa vile wanachapwa."

Basi Nzula akachapa. Alichapa kwa ule mkono wote, mkono wa kufua shuka za watu, na fimbo ikalia juu ya kiganja mpaka watoto wa mbele wakafumba macho. Mbili kulia. Mstari mwekundu ukainuka papo hapo, wa pili ukakatiza juu yake na ngozi ikaachia. Mbili kushoto. Kanyiva alijing'ata mdomo ukatoka damu, lakini mikono hakuivuta. Hakuitazama fimbo. Alimtazama mama yake usoni, moja kwa moja, bila kupepesa, kama anayemwona kwa mara ya kwanza na hajaamua bado kama anampenda.

Ya mwisho ilipasua fimbo. Nzula alikitupa kipande kifuani kwa Mwalimu Zedekiah.

"Sasa wako wanne," akasema, akatoka.

Mimi nilibaki mlangoni muda kidogo. Zedekiah alikuwa ametugeuzia mgongo, anaandika ubaoni, na chaki ilikuwa inamkatikakatika. Caren alirudi kwenye deski. Alisimama pale akimtazama Kanyiva na vile viganja vilivyofunuliwa bado juu ya deski. Kisha akakaa, akasogea karibu, wengine nao wakasogea, na ile nafasi kwenye benchi ikawa haipo. Caren akashika kiganja kimoja akakipulizia, akamwonyesha namna ya kukikandamiza kwenye chuma baridi cha mguu wa deski ili moto upungue. Hayo ndiyo mafunzo waliyokuwa nayo, wakamgawia.

Usidhani kuna aliyeongoka siku ile. Mwalimu Zedekiah aliendelea kuchapa hadi alipohamishwa, ila tangu hapo alichapa wanne, na hedimasta aliposikia alifanya kama hakusikia. Mimi bado nasema ilikuwa ushenzi. Nasema pia kwamba mtoto yule hakupelekwa tena nyuma ya choo.

Jioni ile nilikuwa kwao. Nzula alileta karai la maji ya chumvi akapiga magoti mbele ya binti yake. Kanyiva akavuta mikono. Akalivuta karai upande wake mwenyewe, akatumbukiza mikono mwenyewe, akauma meno mwenyewe. Chakula alikula kwa kijiko, polepole, na mama yake alipotaka kumlisha aligeuza uso. Nzomo alikuwa anavaa koti la kazi. Alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akashika bega lake bovu.

"Kumbe hata wewe unampiga," akasema.

Siku nyingine yoyote Nzomo angemeza jino. Nzula alibaki amepiga magoti na mikono yake mapajani. Nilitamani ampige. Nilitamani nimsikie yule Nzula niliyezoea kumsikia.

Asubuhi, Nzula alipokuwa amerudi tu kutoka kuwasha pipa, jiwe likagonga mabati juu ya mlango wake. Likagonga jingine. Nikasikia akichukua mwiko mkubwa, nami nikatoka mbio, nikijua ni watoto wa mtaani na nyimbo zao za matusi.

Walikuwa Caren na wale wawili. Uso wa Caren ulikuwa umevimba upande mmoja, alama za vidole vya Nzula zinaonekana. Mkononi alikuwa ameshika kile chuma, kimelowa, ngozi imekunjamana.

"Tumetoa na waya," akasema, bila salamu. "Tumeosha na sabuni mara mingi lakini bado inanuka. Haiwezi kuvaliwa leo." Kisha akapaza sauti ndani ya nyumba. "Kanyiva! Wewe! Toka haraka, utatuchapisha sisi wote!"

Nzula akaushusha mwiko. Alitazama wale watoto, akatazama ndani, na akafanya alivyofanya kila asubuhi: akageuka, akainama mlangoni, mikono nyuma, akangoja uzito.

Kanyiva alitoka akishika ukuta, mfuko wa vitabu shingoni, viganja vimefungwa vitambaa. Akaufikia mgongo wa mama yake. Akaupita. Caren alikuwa ameshachuchumaa kwenye vumbi, na Kanyiva akamrukia mabegani, akamkaba shingo, na yule msichana akainuka naye huku akimtukana jinsi alivyo mzito. Wakaondoka mbio, mmoja mbele amebeba chuma, mwingine nyuma amebeba vitabu vyao watatu, wanagombana wanne kwa sauti moja juu ya nani atajibu hesabu ya kwanza.

Nzula alikuwa bado ameinama.

"Mama Zadock," akaniuliza, akitazama chini, "amepanda?"

"Amepanda kwa Caren. Wameshapita kona."

"Hajaniaga."

"Watoto wa shule hawaagi," nikamwambia. "Zadock wangu ameniaga lini?"

Akainuka polepole, mkono kiunoni. Akakaa kwenye kizingiti, akaweka ule mkono wa kulia juu ya paja lake akautazama, halafu akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, mpaka majirani wakatoka mmoja mmoja wakidhani Nzomo amempiga tena.